Serikali Yazika Penzi la Siwatu

Kaeni niwasimulie. Asiyetaka kusikiliza hakatazwi, ila asiondoke, kwa sababu mahudhurio yanachukuliwa na hata mimi sijui yanachukuliwa na nani.

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwa woga, ni kwa adabu, maana yenyewe haipendi kutajwa ikiwa haijajiandaa. Ina mlima, ina ziwa, ina wimbo wa taifa mrefu kuliko wa majirani zake wote, na ina sifa moja ambayo hata maadui hawaikatai: inajua kuzika. Kuuguza haijui. Hilo tuliseme mapema tusije tukaonekana tunaficha. Ukiumwa kwetu utakwenda hospitali, utaambiwa dawa hakuna, mashine imeharibika, na fundi wa mashine naye amelazwa. Utalala kwenye benchi na kanga yako. Lakini jaribu kufa uone. Kabla macho hayajafumbwa sawasawa lori la turubai limeshafika, viti vya plastiki vimepangwa, sufuria ziko motoni, na yule yule aliyekunyima dawa amevaa suti nyeusi anasema taifa limempoteza mtu muhimu. Maisha yako yote hakuna aliyewahi kukuita muhimu. Ndiyo maana kwetu mtu akikutakia heri hukwambia, "Mungu akujalie msiba mkubwa."

Mimi ni mtumishi wa sekta hii. Ni Msoma Wasifu, daraja la pili, kituo changu cha kazi ni Chuo Kikuu cha Taifa. Sauti yangu ni nzito na hukatika pale inapotakiwa kukatika. Nayasema haya ili mjue kwamba sikuhadithiwa. Nilikuwa mstari wa mbele, karibu na kipaza sauti.

*

Mtauliza chuo kikuu kinahitaji msoma wasifu wa nini, na vijana wenyewe wazima wa afya. Hapo ndipo hekima ya viongozi wetu inapojitokeza.

Siku moja Mlezi wa Taifa alikuja chuoni kufungua bomba la maji, bomba lile lile lililokwisha kufunguliwa na walezi waliomtangulia. Akiwa kwenye kukata utepe, mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele akaangua kilio. Walinzi walidhani ni adui, wengine wakadhani ameguswa na hotuba, wakabaki hawajui wampige au wampe maji. Kumbe kijana ameachwa na mchumba wake asubuhi ile. Mlezi akatikisa kichwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Kumbe vijana wetu wanafiwa, na hakuna anayewazikia."

Alisema hivyo tu, akapanda gari. Jioni yake ikawa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Misiba ya Moyo, penzi lolote la wanafunzi likifa litazikwa na Serikali kwa heshima zote: turubai, majamvi, waombolezaji wenye uzoefu, pilau ya nyama, wasifu wa marehemu na salamu za Wizara. Ikaundwa Kurugenzi ya Misiba ya Moyo, yenye mkurugenzi, manaibu, na gari. Uwanja wa mpira ukageuzwa makaburi, na mpira ukahamishiwa kwenye ukumbi wa mihadhara. Likatengenezwa jeneza la mninga, dogo, ukubwa wa redio ya kizamani, na ndani yake huwekwa vitu ambavyo wapenzi walipeana. Baada ya maziko wawili wale ni watu baki milele. Wakirudiana, kosa lao linaitwa kufukua kaburi, na adhabu yake ni kufukuzwa chuo.

Kwa penzi lililo hai sheria haikusema kitu. Kwa penzi hai kuna walinzi. Wapenzi wazima walikuwa wakifukuzwa chini ya taa, wakifukuzwa kwenye ngazi za maktaba, wakifukuzwa nyuma ya banda la jenereta ambako hata ukitaka kumwambia mwenzako neno tamu lazima upige kelele. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hawakuwahi kukutana na walinzi wa chuo chetu.

*

Sasa Siwatu na Ombeni.

Siwatu Kombo alikuwa mwaka wa tatu, akisomea udaktari wa mifugo. Msichana mwembamba, mdomo wake hauna breki, na mkono uliozoea kushika ng'ombe hauogopi mtu. Ombeni Mwaluko alikuwa mwaka wa nne, uhandisi wa maji, kabakiza mtihani mmoja tu ahitimu. Yeye alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Walikuwa wamependana tangu Siwatu aingie chuo, na kugombana walikuwa wakigombana, tena hadharani. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Jioni unawaona tena wako nyuma ya jenereta, wanapigiana kelele maneno matamu.

Muhula ule Kurugenzi ilikuwa na tatizo zito: hakuna penzi lililokufa. Vijana walikuwa wametulia na wenzao, sijui ni hali ya hewa. Na Waziri wa Misiba na Maendeleo, Mheshimiwa Luteni Daktari Chifu Mkongea, alikwisha kutangaza kwamba Ijumaa atakuja chuoni kuzika. Mbuzi walikuwa wamefungwa uani. Hotuba ilikuwa imekwisha andikwa. Mkurugenzi wetu, Kanali mstaafu Ngwesa, aliitisha kikao akatuuliza, "Mnataka Waziri aje azike nini? Azike mimi?" Naibu mmoja alionekana kulifikiria.

Wakatawanywa maofisa katika bwalo la chakula, kila meza mmoja, wale maharage na wasikilize.

Jumanne mchana Ombeni alipewa ukoko wa wali. Ukoko bwaloni kwetu ni kitu cha thamani, na siku zote Ombeni humpa Siwatu. Siku hiyo, kwa sababu ya upole wake usio na mipaka, akampa msichana wa darasani kwake aliyeusifia. Siwatu akamtazama, akaweka kijiko chini.

"Umempa ukoko wangu."

"Aliomba, Siwatu. Ningefanyaje?"

"Ungesema una mwenyewe."

"Ukoko?"

"Ndiyo, ukoko. Leo ukoko, kesho nini? Mimi na wewe basi, Ombeni. Imekwisha."

Akachukua mkoba wake akatoka. Ofisa wa meza ile akamaliza kutafuna kwanza, kwa kuwa ni mtu mzima, kisha akasimama, akatazama saa yake, akavua kofia.

*

Hasira ya Siwatu ilidumu kutoka bwaloni hadi bwenini, na bweni si mbali. Alipofika kitandani alikwisha kuanza kucheka mwenyewe. Alipotoka kwenda kumtafuta Ombeni amwambie kwamba yeye ni mjinga na ukoko wenyewe ulikuwa umeungua, alikuta vijana wa Kurugenzi wanasimamisha turubai. Akauliza nani kafa. Wakampa kanga nyeusi.

Mimi nilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi alipoingia. Nawasimulia maongezi yao kama nilivyoyasikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana. Kaa hapo. Mpeni maji."

"Mzee, sitaki maji. Kuna makosa yamefanyika. Mimi na Ombeni hatujaachana. Tuligombana tu, na wagombanao ndio wapatanao."

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma ya kweli, ile aliyopewa nishani kwa ajili yake. "Wafiwa wote husema hivyo, binti. Hata mimi baba yangu alipofariki nilisema amelala. Hiyo ni hatua ya kwanza. Inapita."

"Lakini nampenda."

"Ndiyo. Alikuwa mzuri."

"Hakuwa. Yupo. Nampenda sasa hivi, hapa nilipokaa."

"Ataendelea kuishi mioyoni mwetu," akasema Mkurugenzi, na akaniashiria niandike.

Siwatu akaniangalia mimi. Akamwangalia tena Mkurugenzi. Akajaribu njia nyingine, maana ana akili. "Basi sawa, alikufa. Amefufuka."

Mkurugenzi akakunja uso. Akasema mambo ya kufufuka yako chini ya wizara nyingine, na wizara hiyo iko likizo. Kisha akamwinukia, akamshika bega. "Mbuzi wamekwisha nunuliwa, mwanangu. Waziri yuko njiani. Maiti haulizwi sanda."

Siwatu alipotoka alikuwa analia, na mwombolezaji mmoja mwenye uzoefu aliyekuwa nje akamsifu kwamba analia vizuri.

*

Ombeni naye hakulala. Kwa upole wake aliandamana peke yake hadi zahanati ya chuo, akaomba apimwe ithibitishwe kwamba penzi lake ni zima. Daktari alikuwepo, jambo ambalo peke yake lilikuwa dalili kwamba huu ni msiba na si ugonjwa. Akamwambia Ombeni afumbe macho amfikirie Siwatu, akamshika mkono kusikiliza mapigo. Mapigo yakaenda mbio hata daktari akashtuka. Akaandika kwamba marehemu alikufa kwa shinikizo la damu.

Ilibaki njia moja tu. Kanuni inasema maziko yanaweza kusitishwa ikiwa mwanafunzi yeyote asiyehusika atatoa ushahidi kwamba penzi lingali hai. Neno moja tu, mbele ya Mkurugenzi. Na chuo kizima kilikuwa kimewaona hao wawili nyuma ya jenereta. Siwatu akaanza na mtu wa karibu kuliko wote, Yudita, anayelala naye chumba kimoja, anayevaa viatu vyake na kumsuka nywele.

"Twende ukaseme, Yudi. Dakika moja tu."

Yudita akakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Harufu ya vitunguu wanavyokaangiwa waombolezaji ilikuwa imekwisha kufika ghorofani.

"Siwatu, mwenzangu, unajua ninavyokupenda," akasema. "Lakini tangu chuo kifunguliwe hatujaona nyama. Maharage, maharage, maharage. Watu wana vidonda vya tumbo. Nikienda kusema neno hilo, sufuria zinaepuliwa, na mimi nitakaa wapi humu chuoni? Vumilia tu mpaka Ijumaa. Wazike kisanduku chao, tule, halafu mtaendelea kwa siri."

"Tukikamatwa je?"

"Msikamatwe."

Siwatu akaenda chumba cha pili, akaenda cha tatu. Kila mlango aliambiwa pole. Wengine walimkumbatia. Msichana mmoja alimpa leso. Hakuna aliyekataa kwamba penzi liko hai; wote walikubali, wakashusha sauti, wakasema hivi sasa si wakati mwafaka. Nchi yetu ni ya watu wema, na nimezunguka kidogo sijaona kwingine ambako mtu husaidiwa kulia kwa moyo kama kwetu.

*

Jumatano nilikwenda kuchukua habari za wasifu. Siwatu alikuwa ameketishwa jamvini upande wa wafiwa wa kike, amezungukwa na waombolezaji wa Serikali ambao hupokezana kwa zamu.

"Marehemu alizaliwa wapi?" nikamuuliza.

"Hajafa."

"Nimeuliza kuzaliwa."

Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha akanihadithia. Alikuwa mwaka wa kwanza, bomba halitoi maji, kaacha ndoo yake kwenye foleni akakimbilia jaribio. Maji yakatoka kidogo yakakatika. Aliporudi akakuta ndoo yake imejaa, na nyuma yake kijana mmoja amekaa juu ya ndoo tupu. Akamuuliza, kwa nini hukujaza yako? Kijana akamjibu, "Yako ilikuwa mbele." Hakuna mwingine katika foleni ile, wala katika chuo kile, wala katika nchi yetu kwa jumla, ambaye angeheshimu ndoo isiyo na mwenyewe.

"Andika hivyo," akaniambia. "Andika yote. Watu wakisikia, labda mmoja ataona aibu."

Niliandika yote. Mkurugenzi akaacha ndoo, ila akafuta habari za bomba kwa kuwa lilifunguliwa na Mlezi mwenyewe na haliwezi kukatika maji. Badala yake tukaweka kwamba marehemu alizaliwa katika mazingira ya upatikanaji wa huduma.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupeana mkono. Ndiyo nafasi pekee ambayo pande mbili za wafiwa hukutana: wa kiume wanapita kwa mstari mbele ya wa kike, kila mmoja anasema pole, anaendelea. Mimi nilisimama karibu, nimeshika bakuli la ubani. Ombeni alipofika mbele ya Siwatu hakuuachia mkono.

"Pole kwa msiba," akasema kwa sauti.

"Na wewe pole," akasema Siwatu kwa sauti. Kisha akashusha. "Kesho nitasimama. Mbele ya Waziri na watu wote. Na wewe usimame. Wakituona wawili tumesimama, watazika nini?"

"Nitasimama."

"Niapie."

"Siwatu, nimewahi kukudanganya? Nitasimama."

Mlinzi akakohoa, mstari ukaendelea. Nilisikia kila neno na sikupeleka taarifa kokote. Kusikia si kazi yangu, kazi yangu ni kusoma. Na nawaambia ukweli, usiku ule niliomba Mungu wasimame.

*

Ijumaa Waziri akafika, akitanguliwa na pikipiki, ving'ora na wapiga picha. Chuo kizima kilikuwa chini ya turubai uwanjani, kaburi likiwa katikati ya pande mbili za wafiwa. Kisanduku cha mninga kilikuwa kwenye meza, kimefunikwa bendera ndogo. Ndani mlikuwa na kitana, picha moja waliyopiga kwenye maonyesho ya mifugo wakiwa na fahali katikati yao, na soksi ambazo Siwatu alimfumia Ombeni, moja ndefu kuliko mwenzake.

Nikasoma wasifu. Sauti yangu ilikatika mahali ambapo haikupangwa kukatika, pale penye ndoo, ikabidi nijifanye nafungua ukurasa. Watu walilia sana. Yudita alilia hata akashikiliwa. Nilitazama kama kuna aliyeona aibu, na naamini walikuwepo wengi, lakini aibu yenyewe waliiona wakiwa wamekaa.

Waziri akasimama kuhutubia. "Ndugu wafiwa," akasema, "Serikali yenu sikivu imeguswa. Wapo wanaotubeza wakisema Serikali haifanyi lolote kwa ajili ya mapenzi ya vijana. Waje hapa waone. Waone turubai. Waone kisanduku cha mti wa asili, kilichotengenezwa na mafundi wa ndani. Ni nchi gani nyingine, nawauliza, ambapo kijana akiachwa anakuja kuzikiwa na Waziri? Ulaya huko kijana akiachwa analia chumbani peke yake." Makofi. "Katika kipindi cha uongozi wetu idadi ya mapenzi yaliyozikwa kwa heshima imepanda, na tunadhamiria kuipandisha zaidi." Makofi mengi zaidi, hasa kutoka upande wa jikoni.

Kisha ikafika ile desturi yetu ya siku zote. Mkurugenzi akashika kipaza sauti akatangaza, "Kama kuna mtu yeyote anayemdai marehemu, ajitokeze sasa, ili marehemu asizikwe na deni."

Hapo huwa hasimami mtu. Siwatu akasimama.

"Mimi namdai."

Wapiga picha wakageuka. Mkurugenzi akamtazama Waziri, Waziri akamtazama mlinzi wake. Lakini desturi ni desturi, na deni huzuia maziko; hilo hata mtoto analijua. "Unamdai nini, binti?"

"Ombeni aliniambia tutagombana mpaka tuzeeke," akasema Siwatu. Sauti yake ilifika nyuma kabisa. "Aliniambia tutagombania watoto, tutagombania nyumba ipakwe rangi gani, tutagombania nani kasahau kufunga mlango wa kuku. Tumegombana kidogo tu, na mambo madogo. Namdai magomvi yaliyobaki. Yote. Mpaka anilipe, huyu hazikwi."

Nilisikia mfuniko wa sufuria unatikisika kwa mvuke. Kama palikuwa na dakika ambayo nchi yetu ingeweza kubadilika, nadhani ilikuwa ile.

Waziri akarudi kwenye kipaza sauti. Alikuwa na tabasamu. "Deni hilo," akasema, "Serikali inalibeba."

Watu wakashusha pumzi.

"Kuanzia leo, binti yangu, ukitaka kugombana, njoo wizarani. Milango iko wazi saa za kazi. Utagombana na maofisa wangu kadiri utakavyo, na ukizeeka utaendelea kugombana nao. Hilo ni agizo." Makofi yakalipuka, watu wakainuka na viti vyao. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, akakumbushwa kwamba ni msiba.

Siwatu hakukaa. Makofi yalipotulia yeye peke yake alikuwa amesimama, amemkazia Ombeni macho upande wa pili wa kaburi.

*

Kwa mujibu wa kanuni, udongo wa kwanza hutupwa na aliyeachwa. Kisanduku kikateremshwa. Mkurugenzi akamkabidhi Ombeni koleo dogo lenye utepe mweusi, na Ombeni akabaki amekaa nalo mapajani.

Mkurugenzi akamsogelea, akamwinamia kama baba, akasema kwa sauti ya chini. Kipaza sauti alikuwa amekisahau mkononi, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia.

"Kijana, asiyetupa udongo hajaukubali msiba. Asiyeukubali msiba ni mgonjwa. Na mgonjwa, kanuni inasema, hurudishwa kwao akatibiwe, na chuo kinampa nafasi yake mtu mwingine."

Hakuna asiyejua kutibiwa kwetu maana yake nini. Na Ombeni alibakiza mtihani mmoja. Yeye ndiye wa kwanza katika kata yao kufika chuo kikuu; siku ya kuondoka walimsindikiza kwa ngoma hadi barabara kuu, na mama yake, nimeambiwa, tangu siku ile hajibu akiitwa kwa jina lake mpaka aitwe Mama Injinia. Sikumwonea wivu kijana yule hata kidogo.

"Ombeni," akasema Siwatu. "Niko hapa. Simama."

Ombeni akasimama. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikaona amesimama na koleo.

"Siwatu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, kama mtu anayemwomba mtoto anywe dawa. "Ni udongo tu."

"Uliapa."

"Sikuapa, nilisema..." Akajisikia mwenyewe, akaacha. "Natupa tu waridhike. Kidogo tu. Halafu mimi na wewe tunajua wenyewe. Ni udongo tu, mpenzi."

Siwatu alimtazama tu, na sijawahi kuona mtu anatazamwa vile. Ombeni akachota udongo kidogo sana, kwenye ncha tu ya koleo, akaumwaga taratibu, kwa uangalifu, kama anayetia chumvi kwenye mboga ya mtu mwingine. Ukaanguka juu ya kisanduku. Haukutoa sauti yoyote ya maana.

Waziri akapiga makofi. Wapishi wakafunua sufuria, na chuo kizima kikainuka kwa pamoja kuelekea jikoni. Ombeni alibaki na koleo mkononi, anatafuta wa kumrudishia.

Yudita alikuja na sahani, ameijaza nyama upande wa Siwatu kuliko upande wake, nampa haki yake. "Haya, shoga yangu, limepita," akamnong'oneza. "Kula. Wiki ijayo mambo yakipoa nitamtafuta Ombeni, nitawaonyesha mahali, mtakutana."

"Nikutane na nani?"

"Na Ombeni."

Siwatu akamtazama yule kijana pale kaburini, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa, maana siku zote alikuwa akimtazama kwa hasira au kwa kicheko.

"Huyo amefiwa," akasema. "Mpeni pole." Akavua kanga nyeusi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akaenda zake darasani.

Mkurugenzi alikuwa amesimama pembeni yangu, anajichokoa meno. Alikuwa ameona yote. Akanigeukia kwa furaha ya mtu aliyeteswa na wabezaji muda mrefu na sasa amepata haki yake.

"Unaona?" akaniambia. "Walikuwa wanasema tunazika kitu kizima. Hatukukosea. Tuliwahi kidogo tu."

Nikamwitikia ndiyo mzee, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.